Jagi la Maji Mlangoni pa Wodi ya Wazazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nashusha pumzi. Ni siku niliyosimama mlangoni pa wodi ya wazazi na jagi la maji mkononi. Nyuma yangu dada yangu alikuwa kitandani, uchungu umeshamkolea. Mbele yangu alikuwa mwanamume mzima aliyetangaza mkutanoni, na kupigiwa makofi, kwamba hatanawa kwa amri ya mtu.

Nitakusimulia polepole, kwa sababu wewe umeanza kazi ya hospitali juzi tu. Umepewa sare na zamu, na nimesikia unalalamika kwamba wenzako hawakusikilizi. Kaa kidogo, chai ipo.

Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne, na baada ya hapo miguu haikutulia. Nimefanya kazi Nzega, nimefanya Lindi, nimekaa Tukuyu ambako nguo zilikuwa hazikauki wiki nzima. Kila nikizoea mahali, naanza kuulizia magari ya kwenda kwingine. Sasa nina miaka arobaini na kitu, nimepanga chumba hapa Soweto, Moshi, na asubuhi mawingu yakijifungua nikauona mlima, moyo unanituma nipande tena kwenye ile hospitali ndogo niliyoanzia kazi. Jina lake silitaji. Waliofanya kazi pale wataijua kwa harufu ya maua ya kahawa iliyokuwa ikiingia madirishani baada ya mvua za kwanza, hata dawa ya kusafishia sakafu ikawa haisikiki.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio. Hospitali yetu ilikaa katikati ya migomba, na maji tuliyapata kwenye mfongo, ule mfereji uliochimbwa na wazee kutoka juu msituni. Siku ya zamu yetu maji yalifunguliwa, yakajaza tangi, na sisi tukaishi nayo hadi zamu nyingine. Kwa hiyo maji hayakuwa mengi, lakini yalikuwepo. Sabuni nayo ilikuwepo. Nasema hivi mapema ili usije ukadhani tatizo letu lilikuwa umaskini. Tatizo letu lilikuwa kiti.

Matroni wetu aliitwa Mama Eliamani, mwanamke mrefu kutoka Machame, sauti ndogo, macho yasiyopitwa na kitu. Yeye aliamini mikono michafu inaua kuliko nyoka, na hakukosea. Akaweka ndoo yenye bomba mlangoni pa kila wodi, na kipande cha sabuni kikining'inia kwenye kamba ili kisihamie nyumbani kwa mtu. Kisha kando ya ndoo ya wodi ya wazazi akaweka kiti, akakikalia mwenyewe.

Ukija haraka na sinia la dawa, unaisikia ile sauti ndogo: "Rudi."

Unarudi, unanawa.

"Kati ya vidole."

Unarudia.

"Na kucha, mama. Kucha zina nini hapo?"

Alimrudisha kila mtu. Alimrudisha Daktari wetu, kijana aliyetoka Bukoba na aliyeogopa sana kuonekana anajiona. Alimrudisha mzee wa kufagia, mtu wa kujukuu, mbele ya wajukuu waliokuja kumletea chakula. Hapo watu walianza kununa. Elewa wakati wenyewe, mwanangu. Chama kilikuwa kimewaambia wafanyakazi wasikubali wakubwa wa kuwanyanyasa, na neno unyapara lilikuwa kwenye midomo ya kila mtu, viwandani na mashambani. Watu walikuwa wamejitawala karibuni, na kila aliyekaa kwenye kiti huku wengine wamesimama alitazamwa mara mbili.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya wafanyakazi alikuwa Desideri. Usimwazie mtu mbaya. Desideri alikuwa dresa, mikono mikubwa kama sahani, na aliposafisha kidonda alimwimbia mgonjwa nyimbo za kanisani kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, hata mtu akacheka huku machozi yanamtoka. Wagonjwa walimpenda. Sisi pia tulimpenda. Alizaliwa ng'ambo ya mto tu pale, akanizidi umri kama kaka mkubwa, na mimi nilimwita Kaka.

Akaitisha mkutano. Mimi nilikuwa zamu wodini, nikayasikia makofi kwa mbali, na maneno niliyapata baadaye jikoni kutoka kwa mpishi ambaye aliyaigiza yote, pamoja na sauti.

"Ndugu zangu," Desideri alisema, "mkoloni alikuwa akitukagua meno kabla ya kutuandika kazi shambani. Leo tumejitawala, tunakaguliwa kucha! Kesho tutakaguliwa nini? Masikio?"

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia.

"Mtu mzima ana akili zake. Anayetaka kunawa atanawa. Lakini kuwekewa mlinzi wa ndoo, kama watoto wa chekechea, huo ni unyapara, na sisi tumeukataa."

Mikono ikanyooshwa. Daktari naye akanyoosha, maana hakutaka kuwa mtu pekee mwenye mkono chini. Mama Eliamani hakubishana. Alisimama, akatoka, na sisi tuliokuwa wodini tukamwona akija kwenye varanda, akikichukua kiti chake mwenyewe na kukipeleka stoo. Ndoo ikabaki.

Sasa sikiliza lililofuata, kwa sababu hakuna aliyelitegemea. Azimio la mkutano wetu lilisema kila mtu anawe kwa hiari yake. Hakuna aliyenawa. Wala si kwamba watu walipenda uchafu. Hawa walikuwa watu ambao nyumbani kwao huwezi kushika ndizi kabla hujanawa. Lakini ile ndoo ilikuwa imegeuka kuwa upande wa Matroni. Ukiinama pale unaonekana umevunja umoja. Siku moja niliinama, mhudumu mwenzangu akapita na mashuka begani, akaniuliza kwa sauti ya juu, "Vero, unamnawia nani?"

Wote varandani wakacheka. Nami nikacheka, nikajifuta. Tangu siku hiyo nilikwenda kunawia jikoni, kwenye karai la masufuria, kama mtu anayeficha ugonjwa. Nadhani tulikuwa wengi tuliofanya hivyo. Lakini jikoni ni mbali, na kazi zikikubana huendi. Sabuni kwenye kamba ikakauka, ikapasuka nyufa.

Hospitali ilikuwa ndogo, na mikono ileile ndiyo iliyozunguka kote. Desideri akitoka kwenye vidonda vya wodi ya wanaume, anaitwa wodi ya wazazi kuchoma sindano au kumwinua mama. Daktari vivyo hivyo. Haukupita muda, mama mmoja aliyekuja kutoka Shirimatunda akapata homa baada ya kujifungua, ile homa ya uzazi ambayo mtu anatetemeka chini ya mablanketi na jua linawaka. Kisha mwingine wa kitanda cha jirani. Tukawapeleka mjini Moshi, hospitali kubwa. Nakwambia mapema ili usihangaike: walipona wote. Lakini wakati ule hatukujua kama watapona, na mama zao waliolia kwenye geti hawakujua.

Na mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia dada yangu Gaudensia aje kuzalia pale.

Hili lilikuwa na historia yake. Dada Gauda alikuwa amezaa mtoto wa kwanza nyumbani kwa mumewe, na mtoto hakuishi. Mimba ya pili ilipofika miezi yake, mama mkwe wake, Mama Aloisi, alitaka azalie nyumbani tena, wakunga wa ukoo wapo, na yeye mwenyewe alizaa wote nyumbani. Nilipanda mpaka kwao, nikakaa jikoni kwenye moshi mpaka macho yakavimba, nikabishana na yule mama tangu asubuhi mpaka ng'ombe walipopewa majani ya jioni. Mwishowe alisema, "Haya. Mchukue. Lakini akirudi bila mtoto, au asiporudi, usikanyage hapa."

Kwa hiyo Dada Gauda aliposhuka na kanga zake, akapewa kitanda cha dirishani, kitanda ambapo juzi yake tulikuwa tumemtoa mama mwenye homa. Nikakisugua kile kitanda mpaka rangi ikabanduka. Lakini kitanda hakikuwa na kosa.

Nikaenda kwa Matroni ofisini. Nilikuwa nalia, sikufichi.

"Mama, rudisha kiti. Kaa pale hata leo tu."

Alitikisa kichwa. "Kiti ndicho kilichotufikisha hapa, Vero. Nikikirudisha, watanawa nikiwepo, na nikienda kula watacheka. Na kamati itaniondoa, wodi itabaki na nani?"

"Sasa tufanyeje?"

"Sijui," alisema, na hilo lilinitisha kuliko lolote, kwa sababu sikuwahi kumsikia akisema hajui. "Nilifikiri wanayachukia maji yangu. Wanachukia jicho langu. Wewe ni mwenzao. Fikiri na wewe."

Nikatoka nikiwa na hasira naye. Nilitaka mkubwa anipe jibu, yeye akanipa kazi.

Asubuhi iliyofuata Mama Aloisi alishuka na chungu cha mtori, ile supu ya ndizi, kimefungwa kwa majani ya mgomba, moto bado. Alinikuta mlangoni, akaanza kabla sijamwamkia vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hapa pananuka dawa ya kuogeshea mbwa. Mkwe wangu yuko wapi? Amekonda! Mmempa nini, maji ya mchele? Na yule mwenye tumbo kubwa anayeimba ndiye daktari?"

"Ni dresa, Mama. Karibu uketi."

Akaketi kwenye benchi la varandani, na mimi, kama tulivyolelewa, nikachukua jagi na beseni kumnawisha kabla hajaonja mtori pamoja na mkwewe. Nikapiga goti kidogo. Alikuwa katikati ya kunigombeza, ananiambia kwamba kama si mdomo wangu mrefu Gauda angekuwa nyumbani anaota moto. Hakuacha kugomba. Hakunitazama hata. Lakini mikono yake ilikuja yenyewe, ikajipanga juu ya beseni, nikamimina, ikajisugua kiganja kwa kiganja na katikati ya vidole, ikageuka, nikamimina tena. Mdomo ulikuwa vitani na mimi, mikono ilikuwa kwa amani.

Nikabaki nimeshika jagi, natazama.

Mwanangu, huku kwetu mdogo akikushikia maji, utayakataaje? Unaweza kukataa chakula, ukasema umeshiba. Unaweza kukataa kiti, ukasema unaondoka. Lakini mikono ya mdogo wako imeinua jagi, amesubiri, na wewe umekunja mikono yako, hapo unakuwa umesema neno zito juu ya nyumba yake. Na yule anayemimina si mkubwa wako. Yuko chini yako, anakuhudumia. Nani atamwita mnyapara?

"We mtoto, umelala?" Mama Aloisi aliniuliza. "Nipe kitambaa."

Mchana ule uchungu wa Dada Gauda ukachachamaa. Mama Eliamani alikuwa naye kitandani, akamwona mtoto amekaa vibaya kidogo, akaniambia nikimbie kumwita Daktari na mtu wa kusaidia. Niliwakuta wodi ya wanaume, Daktari na Desideri, wanamalizia kupasua jipu la mguu la mkata majani mmoja. Unajua jipu linavyokuwa. Walijifuta kwenye kitambaa wakaanza kunifuata.

Nikatangulia mbio. Nikaweka stuli mlangoni, juu yake beseni la enameli. Nikatupa taulo begani, nikajaza jagi, nikachukua ile sabuni iliyopasuka nyufa. Wakafika. Desideri alikuwa mbele.

Nikapiga goti. "Karibu unawe, Kaka."

Akasimama. Akaitazama ile ndoo pembeni, akanitazama mimi. Kule ndani Dada Gauda alitoa sauti ambayo hata sasa siwezi kuielezea.

"Vero," akasema taratibu, "unajua mkutano ulisema nini."

"Mkutano ulikataa kukaguliwa, Kaka. Mimi nakukagua? Mimi nimekushikia maji tu."

"Amekutuma Matroni."

"Hajanituma mtu. Ndani mle ni dada yangu."

Wahudumu wengine walikuwa wameshatoka kuangalia, na yule wa mashuka alikuwepo. Nilijua akitamka neno moja la mzaha, Desideri atapita, na wote watapita nyuma yake, na ile mikono itakwenda kwa Gaudensia kama ilivyo. Jagi lilikuwa zito. Nikalishikilia kwa mikono miwili.

Kutoka kwenye benchi Mama Aloisi akainuka. Hakuwa anajua habari ya mkutano wala ya kiti. Aliona kijana mzima amemwacha mdogo wake amepiga goti na maji.

"Wewe mwenye tumbo! Mama yako ni nani?"

"Mama, tafadhali, hii ni..."

"Nimekuuliza mama yako ni nani, nikamuulize kama hivi ndivyo alivyokufundisha. Mtoto wa watu anachoka, wewe umesimama kama mgomba!"

Mmoja varandani akacheka, kisha mwingine, na safari hii kicheko hakikuwa cha kunisuta mimi. Desideri mwenyewe kikamtoka kwenye pembe ya mdomo. "Mama, mama yangu usimwite, nitapigwa," akasema. Na akanyoosha ile mikono yake mikubwa juu ya beseni.

Nikamimina.

Sasa, kwenye ile ndoo yenye bomba maji yalikuwa yakianguka kwenye mtaro na kwenda zake; hukuyaona. Kwenye beseni yalibaki palepale, weupe wa enameli chini yake. Desideri alisugua, akaacha, akayatazama. Yalikuwa na rangi, na kulikuwa na uzi mdogo wa damu ya lile jipu unazunguka polepole. Mzaha ukamtoka usoni. Aliniambia mimi, kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, "Mwaga haya. Leta mengine."

Nikamwaga, nikaleta mengine. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha akanipokonya jagi, akamgeukia Daktari.

"Ndugu Daktari, karibu unawe."

"Lakini, Mwenyekiti, si tulikubaliana..."

"Nyoosha mikono, Ndugu. Mwenyekiti mwenyewe ndiye anayekunawisha, unataka heshima gani tena?"

Daktari akanyoosha. Nadhani alikuwa amengojea siku nyingi mtu amruhusu.

Wakaingia. Mimi nilibaki nje na Mama Aloisi, yeye na rozari yake, mimi na jagi tupu ambalo sikujua kwa nini bado nimelishika. Jua lilikuwa bado juu ya migomba tuliposikia sauti nyingine, nyembamba, yenye hasira, sauti ya mtu mpya. Mama Aloisi alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikaniuma. "Analia," akasema. "Vero, analia! Yule wa kwanza hakulia."

Alikuwa wa kiume. Lakini hatukushangilia bado, sisi wa kazi hii tunajua. Homa ya uzazi haiji siku hiyo. Inakupa muda wa kufurahi kwanza. Siku zilizofuata nilimwekea Dada Gauda kiganja kwenye paji la uso kila nilipopita, nikipita hata pasipo na njia. Mwishowe akanifokea, "Vero, utanitoboa kichwa! Nenda kawasumbue wengine, wako wodi nzima." Alipoanza kunifokea hivyo, na kuomba mtori wa pili, ndipo nilipoanza kulala usingizi. Homa haikuja. Haikuja kwake, na haikuja kwa aliyelala jirani yake.

Hapo, mwanangu, nikavimba kichwa. Nilikuwa kijana, nimeshinda. Nikawa nasimulia jikoni jinsi beseni lilivyokuwa, na rangi ya maji ya Mwenyekiti, na uso wake ulivyoshuka. Mpishi akawa ananiambia nirudie. Mama Eliamani akapita, akasikia, akaniita stoo kwenye mashuka. Nilidhani ananiita kunisifu.

"Umemnawisha vizuri," akasema. "Sasa mbona unampaka uchafu tena?"

Nikaanza kukunja shuka lililokuwa karibu.

"Yule ameshanawa, Vero. Ameshamaliza. Ukimtembezea uchafu wake jikoni kila siku, utampa sababu ya kuacha. Mimi nilikosea kwa kiti, wewe unataka kukosea kwa mdomo." Akanipa mashuka nibebe. "Na usije ukasema mbele ya watu kwamba Matroni alikuwa sahihi. Waache waone ni jambo lao. Ni lao kweli."

Nilikwenda na mashuka yale uso unawaka. Nimegombezwa na wakubwa wengi katika kuhamahama kwangu, Lindi nilifokewa mpaka nikataka kuacha kazi, lakini hakuna maneno niliyoyabeba mbali kama yale ya stoo.

Mkutano uliofuata uliitishwa na Desideri mwenyewe, na safari hii nilikuwepo. Hakutoa hotuba ndefu. Alisema, "Ndugu zangu, lile azimio letu liko palepale. Hakuna kukaguana. Lakini nimeona jambo hapa mlangoni, na nyote mmeliona." Akapendekeza ndoo ziwe na jagi na beseni, na kwamba anayekuja anawishwe na aliyemtangulia, kisha yeye ashike jagi amnawishe anayefuata. Asiwepo wa kumimina daima, wala wa kumiminiwa daima.

"Hata Daktari?" mtu akauliza.

"Hata Daktari amshikie mfagiaji."

"Na Matroni?"

Wote wakageuka. Mama Eliamani alisimama kule nyuma. "Kama mtanikubali kwenye foleni," akasema, "nitafurahi."

Kesho yake nilishuhudia kwa macho yangu. Mama Eliamani amenawa, ameshika jagi, na anayefuata ni yule mzee wa kufagia ambaye yeye mwenyewe alimrudisha mbele ya wajukuu wake. Mzee akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni. "Hapana, Mama Matroni. Siwezi. Mkubwa kama wewe."

Mama Eliamani akapiga goti. Siyo sana, magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua, lakini alipiga. "Karibu unawe, Mzee. Maji yanapoa."

Yalikuwa ya baridi tangu mwanzo, maji ya mfongo hayo, yanashuka kutoka mlimani. Mzee akaelewa alichoombwa. Akaleta mikono, na akanawa taratibu sana, kama mtu anayepokea komunyo, na kile kinyongo kilichokuwa katikati yao sikukiona tena.

Homa haikuisha kabisa duniani, mwanangu, sikudanganyi. Lakini pale kwetu haikurudi kwa mfululizo ule, na wakinamama waliacha kuogopa kile kitanda cha dirishani. Siku ya kumtoa Dada Gauda, Mama Aloisi alikuja na mbeleko mpya. Nikamletea maji kabla hajampokea mjukuu. Akanawa huku ananigombeza kwamba mtoto tumemfunika kidogo mno. Kisha akasema, bila kunitazama, "Jumapili uje nyumbani. Kuna nyama." Hiyo kwake ilikuwa ni kuniombea mbele za Mungu.

Na kuna jambo moja dogo nililobaki nalo. Kabla sijahamia Nzega, alikuja mhudumu mpya, kijana mjuaji kutoka mjini. Akamkuta Desideri ameinama kwenye beseni, akamtania kwa lile swali letu la zamani, sijui alilipata wapi: "Mwenyekiti, unamnawia nani?"

Desideri hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua kati ya vidole. "Namnawia Leokadia," akasema. "Kitanda cha pili kushoto. Amejifungua pacha asubuhi, na mumewe yuko njiani anakuja."

Yule kijana akasogea. Akashika jagi.

Basi, mwanangu, wewe uliyeanza kazi na ambaye wenzako hawakusikilizi, nakuachia haya. Mikono inawe, hilo usilegeze hata siku moja, hata ukiwa umechoka, hata kama mgonjwa ni jamaa yako mwenyewe na hakugombezi. Ukitaka wenzako wanawe, usitafute kiti. Shika jagi wewe kwanza, mnawishe mkubwa wako na mnawishe aliye chini yako, halafu mpe jagi naye amnawishe mwingine, mpaka iwe desturi yao na wasahau ilianzia wapi. Aliyekubali leo, usimkumbushe alivyokataa jana. Na siku watakayokucheka na kukuuliza unamnawia nani, usiwajibu kwa sheria wala kwa jina la mkubwa. Wajibu kwa jina la mgonjwa aliyelala ndani.

Mungu akubariki uingiapo zamu na utokapo. Akupe mikono mizuri, na wenzako wa kukushikia maji, na kila mama utakayempokea mlangoni umsindikize getini akiwa na mtoto wake mgongoni. Nenda sasa, mwanangu. Ila kabla hujaondoka, njoo hapa kwenye beseni. Nimekutengea maji.